Kuingia kijijini kwa mlango wa uani

Huu mwaka wa tatu naishi ndani ya mashua ya chuma kwenye mfereji wa Oxford, Uingereza. Urefu wake mita 17, upana mita mbili na kidogo tu, maana loki za mfereji huu zilijengwa nyembamba na chombo kinene hakipiti. Loki ni chumba cha matofali chenye milango mbele na nyuma: unaingia, unafunga, unafungulia maji, nawe unapanda au kushuka pamoja nayo. Ile ya Somerton inakushusha zaidi ya mita tatu na nusu. Ukifika chini, kuta zinachuruzika, mbingu imebaki ukanda mwembamba juu ya kichwa, na unapoita sauti inakurudia.

Babu yangu alikuwa nahodha, akipeleka boriti za Lamu hadi Ghuba. Mimi nashika kana, mpini wa usukani, kama yeye, ila huku hakuna pepo wala kupwa na kujaa, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kama kilomita sita na nusu kwa saa. Wakimbiaji wa asubuhi wananipita wakinipungia mkono.

Asiye na gati lake mwenyewe haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Ni sheria ya mwaka 1995. Mwanzo iliniumiza kichwa: kila baada ya wiki mbili utafute upya duka, bomba la maji, mahali pa kumwaga choo. Sasa naishukuru. Bila sheria hiyo ningejifungia mjini, na nisingevijua vijiji hivi.

Nilikuwa nimevipita kwa gari zamani, nikaviona vimelala. Milango imefungwa, mapazia yameshushwa, barazani hakuna mtu kwa sababu baraza zenyewe hakuna. Nikadhani watu wa huku hawataki mgeni. Lakini mfereji haupiti mbele ya nyumba, unapita nyuma. Unaona kamba za nguo, banda la kuku, vitanda vya mboga, mzee amevaa ndara anamwagilia nyanya. Kwetu anayeingilia uani ni mtu wa ndani, na nahisi huku pia ni hivyo, kwani anayekuona kutoka uani kwake hukusalimu wa kwanza.

Pale Cropredy bibi mmoja alinipitishia mfuko wa maharagwe mabichi juu ya ua wake. Kesho yake nikampelekea mahamri ya moto. Alikata moja katikati, akalinusa kwa muda mrefu, akauliza ni harufu gani ile. Iliki. Alitaka nimwite kwa jina lake, lakini ana miaka themanini na ushei na ulimi wangu ulikataa. Nilimweleza kwamba kwetu angekuwa Bibi. Tangu siku ile nikifunga kamba pale, yeye mwenyewe hujiita hivyo: Bibi amekuja.

Kaskazini ya hapo, kati ya Claydon na Napton, mfereji unakwenda karibu kilomita 18 bila loki hata moja. James Brindley, aliyeupima, hakutaka kukata vilima, akaufuatisha kingo zake. Basi unazunguka mno, hata mnara mmoja wa redio unauona mbele, kisha kulia, kisha nyuma. Kilima cha Wormleighton karibu unakizunguka chote. Chini yake kuna malisho yenye matuta matuta, na ndiyo yaliyobaki ya kijiji kizima. Mwishoni mwa karne ya 15 mwenye ardhi aliwafukuza wakazi ili afuge kondoo. Baadaye ardhi ikanunuliwa na akina Spencer, wahenga wa Princess Diana yule tuliyemjua sote. Nilizima injini nikashuka, nikatembea juu ya yale matuta. Mtu wa pwani yetu, tunakojua maana ya kuhamishwa kwenye shamba la wazee wako, hawezi kupapita pale hivihivi.

Mfereji ulifika Oxford mwaka 1790, na kwa zaidi ya karne moja mashua za makaa ya mawe zilikokotwa humu kwa kamba na farasi waliotembea kando ya maji. Alasiri moja nilisimama chini ya daraja la matofali kungojea mvua ipite. Nikaweka mkono pembeni mwa ukuta, vidole vikaingia kwenye mifuo, mirefu na laini, mmoja juu ya mwingine. Zilikuwa alama za kamba za farasi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, tuliambiwa hivyo utotoni, na mifuo kama hiyo iko kwenye mdomo wa kisima cha nyumbani, ilikochimbwa na kamba za ndoo za bibi zangu.

Nikaipiga picha nikamtumia mama. Hakuuliza ni nini. Aliuliza tu kisima hicho ni cha nani.