Kusamehe bila kung'oa isale mpakani

Uchagani, mtu anayetaka kuomba radhi kwa uzito hupeleka jani la mmea wa isale, na aliyeletewa jani hilo huona vigumu sana kumfukuza mwombaji. Mmea huohuo ndio unaopandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Anayeung'oa usiku ameanzisha ugomvi na ukoo mzima. Jani la kuombea radhi tumelishika vizuri makanisani kwetu, Moshi mjini na huko mlimani. La mpakani tunalisahau. Mtu akidhulumiwa anaambiwa, "Samehe, wewe ni Mkristo," na kikao cha usuluhishi kimefungwa.

Andiko linalotumika kukifunga mara nyingi ni lile la kugeuza shavu la pili. Lisome tena: Mathayo 5:39 inataja shavu la kuume. Anayetumia mkono wa kulia, mkitazamana uso kwa uso, hulipata shavu hilo kwa mgongo wa kiganja. Wengi wanaofafanua andiko hili wanaona hapo kofi la dharau, nami nakubaliana nao: Yesu anakataza kulipiza dharau kwa dharau. Yeye mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani Anasi, Yohana 18, hakurudisha wala hakunyamaza, alimtaka aliyempiga aseme kosa liko wapi. Paulo alichapwa fimbo Filipi bila kuhukumiwa, na walipotaka kumwachia kimyakimya aligoma mpaka wakubwa wa mji waje wenyewe kumtoa. Baadaye alikata rufani kwa Kaisari. Na ndiye aliyewaandikia Warumi wasijilipizie kisasi.

Kwa hiyo anayesuluhisha atenganishe mambo matatu. Kusamehe ni kuacha kisasi, na hilo unaweza kulifanya hata mkosaji akiwa bado na kiburi. Kupatana kunahitaji watu wawili: Luka 17:3 inaanza na onyo, ikafuata toba. Kumwamini tena mtu ni jambo la tatu, nalo huja kwa matendo na kwa muda. Vikao vingi huharibika kwa sababu mkosewa anadaiwa yote matatu jioni moja, huku mkosaji akitoa "kama nimekukwaza, unisamehe" tu. Ungamo la namna hiyo lisipokelewe. Aseme alichofanya, alimfanyia nani, na atarudisha nini.

Kurudisha kuna hesabu. Hesabu 5:7 inataka kitu kizima pamoja na nyongeza ya sehemu ya tano: mweka hazina aliyekula 500,000 za kikundi arudishe 600,000. Zakayo alijitolea mara nne. Andikeni kiasi, tarehe za kulipa na mashahidi wa pande zote mbili, kisha mkosaji asishike tena funguo za sanduku hata akimaliza deni. Asipewe jaribu lilelile.

Kwenye mpaka wa kihamba, tembeeni mpaka wote mchana pamoja na majirani wazee wa pande zote, mpande masale siku hiyohiyo, mwandike. Ikishindikana, kwenda mbele si dhambi. Hapa Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halihukumu kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linathibitisha hivyo, na hapo, au siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kipigo cha nyumbani ndicho kinachoniuma zaidi, maana hapo neno "samehe" limewarudisha wanawake wengi kwenye mkono uleule. Utaratibu wa Mathayo 18, wa kwenda kwanza mkiwa peke yenu, umesimama kati ya ndugu na ndugu. Usimtume aliyepigwa akamwonye mpigaji chumbani. Wala usiwakalishe pamoja mbele ya wazee: atasema yameisha, kwa sababu usiku atalala naye nyumba moja. Msikilize peke yake, umtafutie pa kulala kwanza. Kisha aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, daktari aijaze. Akiwa ameumia vibaya, hospitali kwanza, PF3 itafuata. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake. Mchungaji anayemsindikiza mwanamke kituoni yuko ndani ya Warumi 13:4 kabisa, inayompa mtawala kazi ya kuadhibu uovu.

Akiwa amebakwa, asioge, na nguo zikae kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki huvunda na ushahidi huharibika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72. Akichelewa kwa sababu ya kusubiri kikao cha ukoo, muda huo haurudi.

Na kwa mtoto hakuna kikao kabisa. Mzee wa kanisa akisikia mtoto amenajisiwa, apige 116, simu ya bure, au aende polisi siku hiyohiyo, hata mtuhumiwa akiwa mwinjilisti au mjomba. Mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi, vikiletwa ili yaishe nyumbani, avikatae mbele ya watu.