Mimba ya nne na sindano za kila jioni

Mimba yangu ya tatu ilipotoka, katika wiki ya 14, mavyaa hakusema neno. Aliniletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani zilizoandikwa kwenye sahani, nami nikalinywa kwa imani kama nilivyolinywa mara mbili kabla. Majirani wa mtaa wetu wa Langoni, Lamu, walikwisha kukata shauri kwamba nina jini asiyetaka mtoto. Mimi nililaumu ndoo za maji nilizozipandisha ngazi, lawama ambayo daktari wa Mombasa, baada ya safari ya boti hadi Mokowe na basi la kutwa, aliifuta papo hapo.

Alinieleza kwamba kingamwili zangu, ambazo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, zilikuwa zikiushambulia mwili wenyewe, zikiifanya damu igande upesi na kulidhuru kondo la nyuma, hata mtoto akakosa lishe na hewa. Ugonjwa huo huitwa sindromu ya antifosfolipidi, na mara nyingine hufuatana na lupasi, ugonjwa mwingine wa kingamwili kuushambulia mwili, ambao mimi sikuonekana nao. Hata hivyo alikataa kuutia muhuri kwa kipimo kimoja, kwa kuwa kingamwili hizo huweza kujitokeza kwa muda baada ya maambukizi kisha zikatoweka. Ilinibidi nirudi kupimwa tena baada ya wiki 12. Nilimwona mkaidi. Leo naona alikuwa na haki.

Mimba ya nne ilipothibitika nilianza aspirini ya miligramu 75 kila siku, pamoja na sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda isiyopenya kondo kumfikia mtoto. Mume wangu, nahodha asiyeogopa kusi, alishindwa kuitazama sindano. Mavyaa ndiye aliyesema, "Nionyesha, mwanangu," na tangu hapo kila baada ya magharibi alisoma bismillahi, akafinya ngozi ya tumbo langu, leo kulia, kesho kushoto, akachoma. Kombe pia aliendelea kuniletea, na sikuona sababu ya kulikataa.

Heparini ilisimamishwa siku moja kabla ya kujifungua, ikarejeshwa baadaye kwa wiki 6, maana hatari ya damu kuganda haiishi mtoto anapozaliwa. Muuguzi wa mpango wa uzazi aliponipa tembe za kawaida nilimrudishia, kwa sababu zina estrojeni, homoni ambayo huongeza hatari hiyo hiyo. Akaisoma kadi yangu upya, tukakubaliana kitanzi cha shaba.