Siku moja ya mhasibu anayejiandaa kuingia unesi

Saa 10 na nusu alfajiri alamu inalia, nanawa uso naingia kwenye somo la moyo. Damu inaingia atria ya kulia, yaani chumba cha juu, inapita mlango unaoitwa valvu ya trikaspidi, inashuka ventrikali ya kulia, chumba cha chini, inaenda mapafuni, inarudi upande wa kushoto wa moyo. Nachora kwa mkono bila kuchungulia kitabu maana nikisoma kwa macho tu hakibaki kitu. Nimekuwa mhasibu miaka 9, biolojia niliiacha sekondari, sasa nairudia pamoja na kemia na usaili wa chuo ni mwezi ujao.

Saa 2 asubuhi mpaka saa 7 ofisini, mahesabu kama kawaida.

Saa 8 mchana naingia kituo cha wazee ninapojitolea, na hapa ndo siku inarefuka. Kuna bibi amepooza upande wa kushoto, anageuzwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulala, na kumgeuza sio kumvuta jamani, ukimburuza shuka inakwangua ngozi, mnakuwa wawili, mnamkunja goti, mkono mmoja begani mwingine kwenye nyonga, mnahesabu alafu mnamgeuza kwa pamoja, mto kati ya magoti. Leo mwanae wa kiume kakaa pembeni, anasema muacheni mama alale, kwani kila saa mnamsumbua mna shida gani, alafu ananigeukia mimi, dada we si una digrii, umeacha ofisi uje kufuta watu uchafu? Iliniuma sana, na nilikuwa nimeinama mgongo unawaka. Sikumjibu la digrii. Nikamwambia kaka sogea, weka kidole hapa kisiginoni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kidonda kinachoanza hauonekani vizuri kwa hiyo unapapasa kama pana joto au pamekuwa pagumu, na pale palikuwa na joto kuliko kisigino kingine. Akagusa, akagusa na cha pili, akanyamaza. Nikaenda kumripotia nesi wa zamu, akaja mwenyewe, tukainua kisigino kwa mto kisiguse godoro. Watu wanadhani unesi ni sindano na mashuka, hawajui macho na vidole vinavyofanya kazi pale.

Kutoka hapo hata sikumbuki nimefikaje nyumbani, nimeoga nimekula, miguu imevimba, nimefungua daftari la dozi. Dripu ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8, seti, ule mpira wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Nikapata 2,500. Mimi, wa mahesabu! Nilisahau kugeuza saa kuwa dakika. Ofisini kosa kama hilo unalirekebisha kesho yake, kwa mgonjwa hiyo kesho inaweza isiwepo, mwili ulinisisimka. Nikalizungushia wino mwekundu nikaanza upya: 1,000 mara 20, gawanya kwa 480, matone 42. Nimefanya mengine kumi ya hivohivo mpaka nikaacha kukosea.

Saa 4 usiku nafunga daftari. Muda huu bibi anatakiwa ageuzwe, najikuta naangalia saa.