Mianzi huozea miguuni

Kibanda cha mianzi kikianguka baada ya msimu mmoja wa mvua, tazama kwanza mguu wa nguzo. Mwanzi uliofukiwa ardhini bila dawa huliwa na mchwa, na pale unapogusana na udongo, leo pamelowa kesho pamekauka, huoza upesi.

Kule Sindh, Pakistan, baada ya mafuriko ya 2022, msanifu majengo Yasmeen Lari alieneza kibanda cha pembe nane: paneli nane za mianzi zinafungwa kando, zinasimamishwa na kuunganishwa, kisha kuta zinakandikwa kwa udongo na chokaa. Umbo zuri hilo, maana kila paneli inaegemea jirani yake na upepo haukuti ukuta mrefu wa kusukuma.

Ila pigeni hesabu kabla ya kukata. Ubavu wa mita 1.2 unatoa sakafu ya mita za mraba 7. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu, vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, kwa hiyo hapo wanatosha wawili. Watu watano wanahitaji ubavu wa mita 1.95. Kuchora ni rahisi: piga kigingi katikati, zungusha waya wa mita 2.55, halafu pima 1.95 mara nane juu ya duara. Usitumie kamba ya katani. Ukiivuta inarefuka, na paneli ya nane itagoma kuingia.

Chagua mianzi ya miaka 3 hadi 5, kwani michanga husinyaa sana na kupasuka. Wanga ndio unaoita bungua, mdudu atobaye mianzi, kwa hiyo hata iliyokomaa itiwe dawa. Toboa vifundo vyote kwa ndani kwa nondo ya milimita 12, kisha loweka siku 10 hivi: lita 100 za maji, kilo 3 za boraksi, kilo 2 za asidi ya boriki. Dawa hiyo huoshwa na mvua, ndiyo maana upenu usipungue sentimita 60.

Sakafu iwe tuta lililoshindiliwa, juu ya alama ya matope ambayo mafuriko yameacha kwenye mashina ya miti. Nguzo ikae juu ya kikonyo cha zege, yaani kinguzo kifupi kinachoiweka mbali na udongo. Nondo itoke kwenye zege, iingie ndani ya pingili ya kwanza, na pingili ijazwe mota. Bila hiyo, upepo unainua kibanda chote.

Misumari iacheni, inapasua. Toboa kwa kekee, tia bolti, karibu na kifundo. Ukifunga kwa kamba mianzi mibichi, rudi baada ya wiki 3 au 4 ukaze tena, maana itakuwa imesinyaa.

Ukutani, kati ya fito acha nafasi ya kidole ili udongo uume. Chokaa watu wa Lamu wanaijua tangu zamani: tabaka nyembamba, na kunyunyizia maji siku kadhaa. Ikikaushwa na jua kali, inabanduka kama magamba.