Mtori nimeukuta, wasomaji sijawakuta

Tangu nirudi Kilema, kijijini kwetu Kilimanjaro, swali ninaloulizwa kuliko yote si nimerudi na nini, wala nitaondoka lini. Ni hili: "Dada, unasomea nini?" Nimekaa barazani na kitabu, anapita mtu na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ananisalimia vizuri, anasimama, kisha anauliza. Nikimjibu kwamba sisomei kitu, nasoma tu, ananitazama kwa huruma. Mwanzoni nilidhani wananitania. Baadaye shangazi alimvuta mama pembeni akamwuliza kama kweli niko sawa, au kuna jambo lilinipata Ulaya tunalolificha. Mtu mzima, hana mtihani, hana kozi, anashinda na kitabu mchana kweupe: lazima ana mawazo.

Jambo hili limeniuma kuliko yote niliyoyakuta yamebadilika, na yamebadilika mengi. Mfongo, ule mfereji wa maji uliokuwa ukipita nyuma ya banda la ng'ombe umekauka. Mahekalu ya tarazo yamesimama kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, yakiwa na kufuli kuanzia Januari, yanasubiri wenyewe waje kula Krismasi. Hayo nilishaambiwa kwenye simu, nilikuwa nimejiandaa. Hakuna aliyeniambia kwamba watu wameacha kusoma.

Maana ninyi wenzangu wa Kilema mlioondoka enzi zetu mnakumbuka. Jumapili baada ya misa gazeti la Kiongozi lilinunuliwa nakala moja, likazunguka nyumba kwa nyumba mpaka Alhamisi, linarudi limechanika kwenye mikunjo. Nyama ya buchani ilifungwa kwenye gazeti la zamani, na kabla karatasi haijaenda motoni mtu aliinyoosha kwanza asome, damu na yote, kisha akalalamika kwamba habari imekatika katikati. Baba alikuwa akisoma kwa sauti. Mama na shangazi wanamenya ndizi, wanasikiliza, wanabishana na gazeti kana kwamba mwandishi yupo pale jikoni. Hakuna aliyemwuliza baba anasomea nini.

Na mama yangu huyu hakupelekwa shule utotoni. Alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Jioni alimaliza kukamua, akajifunga khanga safi, akaenda kisomo katika darasa lile lile ambalo sisi tulikalia asubuhi. Alipanda hatua moja baada ya nyingine mpaka ya nne, na cheti chake kilitundikwa ukutani karibu na picha ya harusi. Hakuwa peke yake. Miaka michache baada ya uhuru, kama theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 serikali ilihesabu kwamba wamebaki takribani mmoja katika kila kumi. Mwaka 1967, tarehe 9 Desemba, siku ya kumbukumbu ya uhuru, Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa. Siku kama ile nchi ingeweza kuzindua kitu chochote, na ilichozindua ni nyumba ya vitabu. Huko ndiko tulikotoka. Kwa hiyo nikiona nyumba nzima ya watu waliosoma haina hata ukurasa mmoja wa kusomwa, siwezi kunyamaza.

Kule Leicester, Uingereza, nilikuwa nikilea wazee, zamu za usiku kwa sehemu kubwa. Wapo waliokuwa na miaka tisini na zaidi, na kitu cha kwanza walichopapasa asubuhi, kabla ya chai, ni miwani. Walikuwa na vitabu vya herufi kubwa, mstari mmoja unauona toka mlangoni. Wengine niliwasomea mwenyewe mpaka walale. Kwa hiyo ndoto yangu ya kurudi haikuwa gari wala ghorofa. Niliiota Julai ya Kilema, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, chungu cha mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, kinachemka, nami nina kitabu.

Mtori nimeukuta, namshukuru Mungu, na hapa nitajivuna kidogo: wa mama yangu hakuna mgahawa wa Moshi mjini unaoukaribia. Tunachukua nyama ya mbavu na mifupa yake, tunaichemsha taratibu kwa chumvi na kitunguu mpaka iachie mfupa. Ndizi ni mshare, si nyingine yoyote, na zikatwe siku hiyo hiyo kihambani. Mikono unapaka mafuta kwanza maana utomvu ukishika hautoki, na kila ndizi ikimenywa inaingia kwenye maji baridi isiwe nyeusi. Zinatiwa kwenye ile supu ya nyama, zinaiva mpaka zinapasuka zenyewe, kisha nyama inatolewa pembeni na chungu kinapekechwa kwa kipekecho, si kwa blenda. Blenda inaufanya uvutike kama gundi. Kipekecho kinaacha vijipande vidogo, na mwisho unarudisha nyama, unatia maziwa kidogo ya ng'ombe wa nyumbani. Kuni zetu ni matawi ya mibuni iliyopogolewa, yana moto wa polepole unaofaa sana kwa kazi hii. Mshare siku hizi ni wa kutafuta, mnyauko umeua mashina mengi, hivyo anayeupata aulinde.

Toka nyama inapowekwa motoni hadi kipekecho kinaposhikwa, ni saa mbili na zaidi. Hizo ndizo zilikuwa saa za baba kusoma. Leo nyumba nyingi mtori unapikwa kwa presha kuka na kiungo cha pakiti, unaiva upesi, na muda uliookolewa unakwenda kwenye runinga. Runinga inawashwa alfajiri, inazimwa mtu wa mwisho akienda kulala. Tamthilia zilizotafsiriwa, wahubiri, mpira, tena tamthilia. Wanaokaa mbele yake wakati mwingine hawaitazami hata, mmoja anasinzia, mwingine ana simu, lakini ukiizima wote wanazinduka. Nilijaribu kusomea chumbani, sauti ikanifuata. Nilikasirika, nasema wazi. Niliwaona wamekuwa wavivu, na moyoni nikawa nawalaumu wote, hata mama.

Kisha umeme ukakatika, jioni ya mvua, transfoma ya huku chini ilikuwa imeungua. Hakukuwa na sauti yoyote zaidi ya mvua kwenye bati. Tulikuwa jikoni kwenye moto, mama akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee hicho kitabu chako." Nikampa taa ya sola na kitabu, nikamwambia asome mwenyewe, nami niendelee na ndizi. Alikishika, akakirudisha nyuma mpaka mkono ukanyooka wote, akakisogeza karibu na mwanga, akanirudishia. Akasema herufi zinacheza. Nikamwuliza tangu lini. Akajibu kama mtu anayesimulia habari za mvua: tangu mdogo wangu wa mwisho alipomaliza darasa la saba.

Huyo mdogo wangu sasa ana watoto wa sekondari.

Mama hakuacha kusoma kwa sababu ya runinga. Aliacha kwa sababu haoni. Mtu akifika umri wa miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho inakuwa imekakamaa, haiwezi tena kujibadili umbo vizuri kwa ajili ya kitu cha karibu. Cha mbali kinaonekana vilevile. Ndiyo maana mama anamtambua ng'ombe wa jirani aliye ng'ambo ya korongo, lakini kutunga uzi kwenye sindano anaita mjukuu. Sindano hiyo wote tulikuwa tukiiona. Hakuna aliyejiuliza kama anayeshindwa tundu la sindano anaweza kusoma gazeti. Naye akaona ni uzee tu, akakaa mbele ya kitu ambacho hakihitaji macho ya karibu.

Siku iliyofuata nilianza kuuliza nyumba za jirani. Shangazi aliyeniona nina mawazo: hasomi tangu zamani, herufi zinafifia. Mzee wa pili kutoka kwetu, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika na mwandiko wake ukasifiwa tarafa nzima: anasomewa ujumbe wa simu na mtoto wa darasa la tatu, hata ule wa pesa zake. Mwalimu mstaafu ana miwani, ila ilivunjika mkono mmoja na kioo kimechubuka, anaivaa kanisani tu. Katika nyumba hizi hizi kuna runinga za inchi hamsini, friji, king'amuzi, simu tatu tatu, vyote vimeletwa na watoto walio Dar es Salaam, Arusha, Marekani, Uingereza. Miwani ya kusomea, ambayo iliyo tayari inauzwa mpaka mezani sokoni, hakuna aliyeileta. Na Desemba watoto hao hao wanasimama kwenye sherehe na kipaza sauti wanasema wazee wa siku hizi hawapendi kusoma.

Nilimpeleka mama KCMC, hospitali ya rufaa pale Moshi, ambako idara yao ya macho inafahamika Afrika Mashariki yote. Nawashauri mfanye hivyo kwanza kabla ya kununua kitu, kwa sababu mtoto wa jicho hautibiwi kwa miwani ya kusomea, na presha ya macho inaharibu kimya kimya bila maumivu. Mama alikutwa hana lolote kati ya hayo. Ni umri tu. Akapewa miwani ya kusomea, namba mbili na nusu.

Jamani, huyu mama sasa anasoma kila kitu. Alianza na karatasi ndani ya boksi la dawa yake ya presha, kidole kikifuata mstari, midomo ikitamka. Akahamia kwenye mfuko wa mbolea, kalenda ya parokia, risiti ya umeme wa luku. Kitabu changu amenipokonya yuko katikati yake, na hataki nimwambie kinavyoisha. Mtori ukiwa jikoni runinga inazimwa, kwa amri yake yeye, na wajukuu wamenuna siku mbili tatu wakazoea. Yule wa darasa la tano anapewa ukurasa mmoja asome kwa sauti, akikosea bibi anamrudisha. Kubishana na mwandishi kumeanza upya.

Kwa hiyo mnaokuja Desemba: acheni runinga. Leteni miwani ya kusomea, namba moja na nusu, mbili, mbili na nusu na tatu, leteni nyingi maana nyepesi zinavunjika. Leteni vitabu vya Kiswahili vya herufi kubwa mkivipata, na magazeti ya zamani msitupe. Pitieni maktaba ya mkoa pale Moshi mwone kama bado mnaijua njia. Ukifika, usimwulize mzee kama anapenda kusoma. Mpe sindano na uzi, umtazame mikono.

Shangazi ameshanitumia salamu kuhusu miwani yake. Namba hajui, tutaenda kupima, ila anataka yenye mnyororo wa kuning'inia shingoni, kama aliyokuwa nayo mwalimu wake wa kisomo.