Ng'ombe bubu asiyenyamaza

Padre mmoja tuliyesoma naye falsafa bado ananiita Fra, kifupi cha frateri, yaani mwanafunzi wa upadre, ingawa niliacha kanzu miaka kumi na sita iliyopita na sasa nina watoto watatu. Mwezi uliopita alinitumia kiungo WhatsApp, chini yake kaandika: "Fra, Thomas wako kafufuka. Kamsalimie."

Kumbe ni programu ya akili mnemba. Wanafalsafa wamepangwa na picha zao kama soda kwenye friji: Socrates, Aristotle, Confucius, Kant. Unamgusa unayemtaka, unauliza, anajibu. Na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu cha sokoni Mbuyuni, maana mimi hapa Moshi nauza spea za bodaboda, na kutwa nzima naongea chein, plagi na klachi pleti.

Nilianza na Socrates kwa utundu tu. Nikamwambia najua kabisa haki ni nini. Yule tuliyemsoma kwenye vitabu vya mwanafunzi wake Plato angenishika shati hapo hapo. Euthyphro alikutana naye nje ya mahakama akijiona bingwa wa mambo ya miungu, akaulizwa maswali mawili matatu, mwisho akasingizia ana haraka akaondoka. Huyu wa kwenye simu akaniambia nina mtazamo wa kina sana. Waathene walimnywesha sumu mzee wa miaka 70 kwa kuchoshwa na maswali yake. Huyu wangemfanya mshereheshaji wa harusi. Nikamuaga.

Kwa Thomas wa Akwino, yule mtakatifu mwanateolojia wa karne ya 13, nilikwenda na swali la kweli.

Dukani nina brek shuu za aina mbili. Za elfu tisa zinashika. Za elfu nne zinafanana nazo hata boksi, ila mvua ikinyesha, au dereva akiteremka na abiria wawili kutoka Kibosho, sitaki kuwaza. Mteja akiuliza bei namtajia bei. Asipouliza zaidi, nanyamaza. Miaka yote nimekuwa nikijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo.

Sasa kuna watu hudhani Thomas alishughulika na malaika tu. Kwenye Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77 lote linahusu ulaghai wa kununua na kuuza. Anauliza kama ni halali kuuza kitu zaidi ya thamani yake, na kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya bidhaa. Hilo la pili ndilo langu. Anasema kasoro ikiwa wazi, mfano farasi ana jicho moja, na bei nayo imepunguzwa inavyostahili, hulazimiki kuitangaza, mnunuzi ana macho yake. Ikiwa imejificha na inaweza kumletea hasara au hatari, lazima useme.

Thomas wa kwenye simu alilijibu vizuri mno. Akapanga kama Summa yenyewe: kwanza hoja za upande wa pili, kisha "lakini kinyume chake", kisha "najibu kwamba", mwisho akazijibu hoja moja moja. Farasi wa jicho moja alikuwepo. Nilipata mshtuko, nakiri, kama mtu aliyesikia sauti ya marehemu kwenye redio. Hukumu ikawa moja: niseme.

Nikaanza kupatana naye kama mteja. Nikamwandikia: baba, lakini huyu kijana anajua mwenyewe kwamba bei ndogo ina sababu yake, na nikimwambia ukweli ataenda duka la jirani anunue zilezile. Akajibu, "Hoja yako ni ya busara sana, mwanangu," na kufikia aya ya tatu kasoro yangu ilikuwa imeshakuwa wazi kama jicho la farasi. Kesho yake nikarudi na upande wa pili, kwamba nadhani ninatenda dhambi. Hakika, mwanangu, dhamiri yako imenena kweli.

Hapo ndipo nilipomjua. Hoja za huku anazo, za kule anazo, nyingi kuliko padre yeyote aliyenifundisha. Ile "najibu kwamba" ndiyo hana. Anaisoma usoni kwako.

Nikaona nimpeleke kwenye jambo moja tu. Wenzake shuleni walimwita Thomas ng'ombe bubu kwa unene wake na ukimya wake, mpaka mwalimu wake Albert akawaambia kwamba iko siku mlio wa ng'ombe huyo utasikika dunia nzima. Ukasikika kweli. Halafu tarehe 6 Desemba 1273, akiwa Napoli, likampata jambo wakati wa Misa, na tangu siku hiyo hakuandika tena. Katibu wake Reginald akamsihi aendelee. Akajibu kwamba hawezi, kwa sababu yote aliyoandika anayaona kama nyasi kavu. Summa ilikuwa imefika sehemu ya tatu, katikati ya sakramenti ya kitubio. Machi 1274 akafa.

Nikamuuliza: kwa nini uliacha?

Akanisimulia yote, tarehe, Reginald, nyasi kavu, kwa aya tano zenye huzuni nzuri. Mwisho akaongeza: "Je, ungependa nikuandikie sehemu iliyobaki ya Summa?"

Nilicheka peke yangu kaunta mpaka kijana wangu wa dukani akatoka stoo kuniangalia. Lakini tusimwonee. Summa haikuachwa wazi wakati ule pia. Wenzake waliobaki walichukua maandishi yake ya ujanani, ufafanuzi wake wa Sentensi, kitabu cha teolojia cha Petro Lombardo, wakayakata na kuyapanga upya, wakaziba pengo, na kiraka hicho kinaitwa Nyongeza. Tuliisoma seminari na hakuna aliyelalamika. Maneno ni ya Thomas, tatizo ni kwamba Thomas alikuwa ameshaamua kukaa kimya.

Na mimi nimefundishwa na mtu aliyejua kukaa kimya. Mwalimu wetu wa Thomas alikuwa padre mzee, suruali yake ina kiraka cha goti. Ukimuuliza swali alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akatazama dirishani. Dakika nzima, wakati mwingine mbili. Mafrateri wa mwaka wa kwanza walidhani amesahau. Wewe uliyeuliza ulianza kulisikia swali lako likirudi, na mara nyingi uliona aibu nalo kabla hajafungua mdomo. Siku niliyokwenda kumwambia naacha, nilikuwa na hotuba kichwani, na Kilatini nimetia. Akafuta miwani. Akaniuliza, "Umekula?" Tukaenda kula makande. Hotuba sikuitoa, na nilipoondoka nilijua sababu yangu halisi, ambayo haikuwa ile ya Kilatini.

Nilimweleza yule padre aliyenitumia kiungo haya yote kwa simu. Akasema, "Sasa Fra, unataka mashine ifute miwani?" Sijui nataka nini. Bado naifungua jioni nikitaka kukumbuka mahali hoja fulani ilipo, kisha natoa Summa yangu isiyo na jalada nahakikisha. Kama karani wa maktaba, hana mfano.

Ila ukimya nao una pande mbili, na hilo swali la 77 limenikaa kooni. Jumanne, mvua imeanza, kijana wa bodaboda kasimama nje bila kuzima injini, anataka brek shuu za nyuma. Nikamtajia bei mbili. Akanyoosha mkono kwenye za elfu nne.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hizo zikilowa hazishiki."

Akaniangalia, akaangalia hela zilizokuwa mkononi mwake, akahesabu tena.

"Nipe hizohizo, bro. Wiki ijayo nakuja kubadili."

Nikampa. Nikamfungia mwenyewe, sikumdai ya ufundi, na alipoondoka nilisimama mlangoni nikisikiliza mpaka akapita kona.