Watoto wanne wa bibi

Bibi yangu alizaa watoto tisa, akazika wanne. Mmoja aliondoka kwa surua, wawili kwa kuharisha, wa nne hakuwahi kupewa jina. Yeye sasa amevuka miaka tisini, na wageni wakimwona husema watu wa zamani waliishi sana. Mimi huwafikiria wale wanne.

Mwaka 1900 wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa kama miaka 32. Leo ni kama 73. Tusidhani basi kwamba mtu wa miaka 35 alikuwa kikongwe. Wazee wa miaka 70 walikuwepo. Kilichoshusha wastani ni makaburi madogo. Mtoto akifa akiwa na wiki moja na jirani yake akafa na miaka 70, wastani wao ni 35, umri ambao hakuna kati yao aliyefia.

Kilichowaokoa watoto ni maji safi, vyoo, sabuni, chakula cha kutosha na chanjo. Ndui, iliyoua mamilioni, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Na kuna yale maji ya chumvi na sukari: sukari huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, maji nayo hufuata, hata mtoto akiwa bado anaharisha. Kitu rahisi hivyo! Wale wawili wa bibi huenda wangekuwa wajomba zangu. Hili huniuma kila nikilikumbuka.

Uzee wenyewe ni habari nyingine. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Kwa mtu mzima, hatari ya kufa huongezeka maradufu kila baada ya miaka minane hivi, ndiyo maana hata saratani yote ikitoweka, wastani ungepanda kwa miaka michache tu. Moyo na ubongo navyo vinachoka. Jeanne Calment wa Ufaransa alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Hadi leo hakuna mwingine aliyethibitishwa kuufikia umri huo.

Bibi hajawahi kuniuliza habari za miaka 122. Juzi aliuliza kama mtoto wa dada yangu amemaliza chanjo zake. Nikamletea kadi. Hajui kusoma, lakini aliishika muda mrefu, akipitisha kidole kwenye kila tarehe iliyoandikwa.